Nawezaje kuwa vizuri na bosi na wenzangu kazini bila kuonekana chawa?

kijana_segerea

Habari zenu wakuu, naomba ushauri hasa kwa mliokaa maofisini muda mrefu. Niko kampuni ya wakala wa forodha huku Kurasini, jina tuliache, kitengo cha nyaraka. Kazi yangu ni kuingiza taarifa za mizigo kwenye TANCIS, ule mfumo wa forodha wa TRA (mamlaka ya mapato), kufuatilia tathmini ya kodi, kukimbizana na watu wa meli mpaka watoe ruhusa ya mzigo, basi mambo hayo hayo. Bado niko kwenye matazamio, yanakaribia kuisha. Kazi naijua, nawahi kufika japo natokea Segerea na foleni ya Buguruni asubuhi mnaijua wenyewe.

Shida ni watu. Supavaiza wangu ni dada fulani hivi, mkali wa kazi, sina ubaya naye ila kila nikimtumia kitu WhatsApp ananijibu "sawa" imeisha hiyo. Kuna jamaa tumekaa meza jirani, kaja nyuma yangu, huyo dada anaenda naye kwa wateja, wanacheka, kikao cha Jumatatu anaitwa mimi siitwi. Mchana wao wanatoka kundi zima kwenda kwa mama ntilie nje ya geti kula wali samaki mimi nakula mezani na earphone zangu maana ukweli mimi sio muongeaji, mpira wenyewe siufuatilii, na kundi la ofisi saa hizi kuna michango mitatu inatembea kwa pamoja, send-off, msiba na mtoto wa mhasibu.

Mshkaji wangu mmoja ananiambia bila uchawa Dar hii hutoboi. Mimi kujikomba siwezi, aibu naona mimi. Sasa mtu kama mimi anajengaje mahusiano mazuri na bosi na wenzake?

Kocha wa Benchi

Anza kufuatilia ligi ndugu yangu, Jumatatu asubuhi ofisi ya Dar hujui Yanga kafanya nini wala Simba katoka vipi utaongea nini na watu, hali ya hewa? 😂

MamaForodha

Mdogo wangu, nimesimamia vijana kwenye kazi hiyo hiyo unayofanya kwa hiyo nikusemee upande wa pili wa meza maana naona hapa kila mtu ni mfanyakazi hakuna bosi.

Kwanza hiyo "sawa" usiitafsiri sana. Simu ya supavaiza wa forodha asubuhi ina wateja, madereva, watu wa TRA, mkurugenzi anauliza, mtoto kasahau daftari la shule. Akikuandikia "sawa" maana yake amesoma na hana neno. Siku akinyamaza kabisa au akikuita kwa jina kamili ndio ujiulize.

Sasa nikwambie kitu kinachomfanya bosi akupende au akuchukie, na wala sio kucheka naye. Ni KUSHTUKIZWA. Mimi nachukia kupigiwa na mteja saa mbili asubuhi ananiuliza mbona kodi imepanda, na mimi ndio nasikia kwake, halafu nageuka namuona kijana wangu ametulia pale na taarifa anayo tangu jana jioni. Anasema "nilikuwa najaribu kuitatua kwanza dada". Unaitatua na nani? Bandarini siku za bure za kuweka mzigo zikiisha tozo ya storage inaanza kuhesabu, na watu wa meli nao wana tozo yao ya kontena, hakuna anayekusubiri wewe umalize kuona aibu. Kijana wa namna hiyo hata awe na akili kiasi gani mimi simpeleki kwa mteja, kwa sababu sijui ana nini mfukoni hajaniambia.

Na kuna namna ya kuambia. Wengi wanatuma hivi: "Dada kuna tatizo kwenye ule mzigo". Ule upi? Nina mizigo chungu nzima. Tatizo gani? Hapo umenipa presha hujanipa taarifa, na mimi nitakujibu kwa ukali bila hata kupenda. Mwingine anatuma hivi (namba ya HS ni ile ya kutambulisha aina ya bidhaa, ndiyo inayoamua kodi): "Dada habari ya asubuhi. Mzigo wa vipuri wa mteja wa Morogoro, TRA wamebadilisha namba ya HS na kodi imepanda. Nina invoice na katalogi ya kiwanda inayoonyesha matumizi ya kifaa. Napendekeza tupeleke maelezo leo kabla ya saa sita. Siku za bure zinaisha Alhamisi. Mteja sijamwambia, nakusubiri." Huyu wa pili namjibu "sawa, peleka" na moyoni nimeshamuwekea alama. Angalia kilichomo humo, mzigo upi, kimetokea nini, ana nini mkononi, anataka tufanye nini, muda unaisha lini, na mteja hajaropokewa. Hajanisifia hata kidogo na ndiye nitakayemtetea siku nikiulizwa juu nani abaki.

Kitu kingine, msome anavyopenda kupokea habari. Mimi meseji, mama mmoja niliyefanya naye zamani yeye ukimwandikia hasomi, mpaka ukasimame mlangoni kwake na karatasi. Hakuna haja ya kubahatisha, muulize tu, "dada kitu cha haraka nikupigie au nikuandikie?" Hakuna bosi atakayekuona mjinga kwa swali hilo.

Na usisubiri kuitwa. Muombe dakika kumi Ijumaa asubuhi kabla watu hawajaanza kutoka kwenda swala, mwambie unataka mpitie mizigo yako pamoja. Uende na vitu vyako umeandika, kilichotoka, kilichokwama, na wapi unahitaji mkono wake. Usiende kulalamika kuhusu jamaa.

Bisha Kidogo

Mama kaongea vizuri sana ila naomba nimwage maji baridi kidogo. Haya yote yanafanya kazi kama bosi ni muungwana. Ofisi nyingi za hapa mjini huyo jamaa wa meza ya jirani ukichimba utakuta ni mtoto wa shangazi wa mtu, au wamesoma wote, au wanasali kanisa moja. Utaandika meseji nzuri mpaka vidole viote sugu na kwa mteja ataenda yeye.

Kwa hiyo kijana jenga mahusiano sawa, ila jenga na ushahidi. Upo kwenye matazamio, hicho ndicho kipindi watu wanatolewa kimya kimya. Kanuni za Utendaji Bora za ajira, Tangazo la Serikali (GN) namba 42 la 2007, zinasema matazamio yawe ya muda unaoeleweka na yasizidi miezi 12, na mwajiri anatakiwa awe anakutana na wewe mara kwa mara kuzungumzia tathmini yako na kukuelekeza. Mara kwa mara, sio siku ya mwisho unakabidhiwa bahasha. Je wewe umewahi kukaa kikao hata kimoja cha tathmini? Kama hapana basi hizo dakika kumi za MamaForodha sio hisani unaomba, ni kitu kilitakiwa kiwepo. Omba kwa heshima lakini usiombe kama unaomba nauli.

Halafu hili la WhatsApp. Mtu anataka mahusiano mazuri na bosi anaishia kujibu meseji saa tano usiku kila siku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zisizidi 9 kwa siku, zaidi ya hapo ni makubaliano na malipo yake ni mara moja na nusu. Ukizoesha usiku ni kazi utashindwa kurudi nyuma.

Na michango, jipangie kiwango chako cha mwezi, kikiisha kimeisha. Undugu wa ofisini mwisho wake getini.

MamaForodha

@Bisha Kidogo hapo kwenye sheria sikupingi hata, na hayo ya tathmini ni kweli kabisa, mabosi wengi hatuyafanyi. Ila kwenye usiku naomba tuelewane, bandari inafanya kazi usiku na mchana, kuna siku mzigo unatoka saa tano usiku na dereva yupo kwenye foleni anataka nyaraka. Hapo ukizima simu umemuumiza mwenzako aliyeko getini, sio bosi. Cha kufanya ni mkubaliane ofisini nani yuko zamu usiku upi, na ijulikane, na ilipwe. Kijana akija kwangu na pendekezo la zamu mimi nitamuona mtu mzima. Akija na "mimi baada ya saa kumi na moja sipokei simu" tutasumbuana.

Na sio kila anayependwa na bosi ni mtoto wa shangazi jamani. Wengine wanapendwa kwa sababu wanatoa taarifa.

Mzee wa Stoo

Vijana shikamooni sidai, nawasalimu tu. Mimi ni mtu mzima, nipo stoo kwenye kampuni ya usafirishaji, mabosi nimewaona wakija na kuondoka. Wote mnaongelea bosi, bosi, bosi. Kijana ameuliza na wenzake pia.

Nikuambie mjukuu wangu, kwenye kazi yenu ya forodha anayekuinua sio bosi. Ni mlinzi wa geti anayekwambia gari limefika, ni dereva anayekupigia mwenyewe kabla hujamuuliza, ni yule mama wa usafi anayejua mkurugenzi leo kaingia amenuna, ni mhasibu anayetoa hela ya kulipia bandarini leo badala ya kesho kutwa. Hawa ukiwapita asubuhi umevaa masikio yako ya waya bila salamu, siku karatasi yako imekwama chini ya rundo hakuna atakayeitoa. Hawakufanyii ubaya, wanakuacha tu. Na kuachwa ni kubaya kuliko kuchongewa, maana ukichongewa utasikia.

Salamu ya Dar haitaki maneno mengi, wewe unayesema sio muongeaji. "Za asubuhi mama, mafua yamepoa?" Umemaliza. Uliza kitu kimoja alichokwambia jana. Mtu akiona umekumbuka anakuweka kwake. Hiyo haihitaji mpira wala utani.

Michango sasa. Bisha amesema jipangie, ni kweli, hela ni ngumu. Lakini tenganisha. Harusi na send-off toa ulichonacho hata kidogo na uandike jina lako kwenye orodha mapema, mwenye kidogo cha mapema anaonekana kuliko mwenye kingi cha kusukumwa. Msiba ni habari nyingine. Msiba NENDA. Hata kama huna kitu. Fika pale, kaa kwenye mkeka na wanaume wenzako, saidia kushusha viti vya kukodi kwenye gari, mpe mfiwa mkono, ondoka. Nilipofiwa na mke wangu nakumbuka kila mtu wa ofisini aliyekuja Mbagala kwa daladala mbili, kiasi cha rambirambi cha mtu mmoja mmoja sikijui mpaka leo.

Halafu bosi wangu wa sasa ni mwanamke umri wa mwanangu wa kwanza. Wapo wazee wenzangu wanamuita "mwanangu" mbele ya wateja, wanadhani ni upendo. Sio upendo, unamshusha. Mimi namuita "mkuu" mbele za watu, yeye akinikuta stoo peke yangu ananipa shikamoo yangu kama kawaida. Kwa hiyo na wewe huyo dada yako msikilize watu wanamuitaje ofisini na yeye anaitika vipi, umuite hivyo hivyo.

Na mchana toka ukale na wenzako. Sio kila siku. Kwa mama ntilie ndipo kazi zinapogawanywa kabla ya kikao, kikao cha Jumatatu ni kupiga muhuri tu.

kijana_segerea

Asanteni sana wakuu, Mzee pole sana kwa msiba, nimesoma yote. @Bisha Kidogo kikao cha tathmini sijawahi kukaa hata kimoja, kumbe ni haki sikujua.

Niongeze kitu ambacho niliona aibu kukiandika mwanzo. Huyu jamaa kuna kazi nafanya mimi, mfano kuna mzigo ulikwama kibali cha TBS, wale watu wa viwango, nikazunguka nao mpaka ukatoka, Jumatatu mwenzangu mmoja aliyekuwa kikaoni ananiambia jamaa kauelezea pale kama vile kafanya yeye, dada akamsifu mbele ya watu. Nimekaa nalo moyoni. Nimwambie bosi au niache?

Bi Hesabu

Nilikuwa napita tu kimya kimya ila hili la mwisho limenigusa maana kwenye uhasibu tunaliona kila mwisho wa mwezi.

Usiende kwa bosi kwanza. Kwanza habari yenyewe umeipata kwa mtu wa tatu, na huyo wa tatu unamjua vizuri? Ofisi zina watu kazi yao kubeba maneno toka meza hii kwenda ile. Inawezekana jamaa alisema "tumeutoa" na msikilizaji akakuletea "nimeutoa". Ukivamia kwa bosi na hilo utaonekana wewe ndio mwenye majungu.

Mfuate jamaa mwenyewe, mkiwa wawili, asubuhi kabla ofisi haijajaa, usimfanyie kwenye kundi. Na maneno yawe mepesi: "Kaka, nimesikia ule mzigo wa TBS uliongelewa Jumatatu. Nilihangaika nao sana ule, next time ukiwa unauelezea nitajie na mimi basi, niko kwenye matazamio nahitaji dada aone ninachofanya." Halafu nyamaza. Usiongeze "unanichukulia kazi zangu", usiongeze "watu wanasema". Kama ni mtu wa kawaida ataona haya na atakutaja mpaka uombe apunguze. Kama ni mjanja mjanja atakuambia "sijasema hivyo", sawa, umeshajua ni mtu gani na yeye ameshajua unaona.

Kisha zuia lisijirudie bila kugombana na mtu. Ijumaa jioni mtumie dada muhtasari wa mizigo yako ya wiki kwa barua pepe, mistari michache, na huyo jamaa muweke kwenye nakala. Na humo ndani mtaje pale aliposaidia kweli, "fulani alinisaidia kupata namba ya mtu wa meli". Hiyo ndiyo sehemu watu hawaielewi, ukimtaja mwenzako kwa bosi kwa kitu cha kweli hupungukiwi, na Jumatatu hana tena nafasi ya kuwa mtu wa kwanza kuhadithia mzigo wako.

Nyongeza kidogo kwa mabinti wanaosoma hapa, maana ushauri wa "jisogeze kwa bosi, nenda naye kula, mpigie" kwetu una upande wake mwingine. Mazungumzo ya kazi yafanyike ofisini mlango wazi, na bosi akianza kukuandikia usiku mambo yasiyo na kontena ndani yake, hifadhi hizo meseji. Sheria hiyo hiyo ya 2004 inahesabu udhalilishaji wa kingono kazini kama ubaguzi. Msiambiwe ni mahusiano mazuri.

Mtumishi wa Umma

Huku serikalini tumerahisishiwa kidogo au tumebanwa sijui niseme vipi. Zamani kwenye OPRAS, tathmini ya utendaji ya makaratasi, mtu anajaza fomu mwezi wa sita anakumbuka alichofanya mwezi wa saba mwaka uliopita, bosi anasaini bila kusoma. Sasa hivi kuna PEPMIS, tathmini ya kwenye kompyuta, unaingiza majukumu yako kwenye mfumo na msimamizi anapaswa kuyapitia, asipoyapitia alama zako zinakaa hazina kichwa wala miguu, kwa hiyo mtake msitake mtaongea. Nimeona watu waliokuwa hawasalimiani mwaka mzima wanafuatana korido, "mkuu naomba nipitishie". Mfumo haujaleta mapenzi ila angalau kila mmoja anajua mwenzake anafanya nini. Huo muhtasari wa Ijumaa wa Bi Hesabu ni PEPMIS yako wewe mtu wa sekta binafsi, fanya.

Bisha Kidogo

Naunga mkono Bi Hesabu kwa asilimia zote, na nakala za hizo barua pepe jitumie na kwenye anwani yako binafsi, ila usijitumie nyaraka za wateja huko, utafukuzwa kwa kosa jingine kabisa. Kijana, barua yako ya ajira inasemaje kuhusu matazamio? Yanaisha lini na yanaweza kuongezwa?

kijana_segerea

Nimeitoa kabatini sasa hivi. Imeandikwa miezi sita na kwamba yanaweza kuongezwa "kwa hiari ya mwajiri", hakuna ukomo. Nitamuomba dada Ijumaa asubuhi tupitie mizigo na hilo niliulize hapo hapo, au nilipeleke HR?

MamaForodha

Muulize yeye kwanza, HR watamuuliza yeye tu na atashangaa kwa nini ulimruka. Akikujibu, siku hiyo hiyo mwandikie "asante dada kwa kikao cha leo, nimeelewa kwamba" hivi na hivi. Hapo Bisha atalala usingizi.

Bisha Kidogo

😂😂 Nitalala. Na tarehe ya leo iandike mahali kijana.

Kocha wa Benchi

Ila mpira bado utajifunza, hilo hamjanipinga.